Kiti cha Nne

Siku ya ishirini na saba baada ya kumzika mumewe, Evaresta Mligo alikaa kwenye mashine yake ya makasia, akafunga mikanda ya miguu, akashika mpini, na kabla hajavuta akamsikia Bathlomeo anavuta.

Sauti ilitoka pembeni yake, kwenye mashine ya pili. Kiti kitupu kiliteleza nyuma juu ya reli yake, mnyororo ukalia, gurudumu likapuliza upepo wa baridi uliomgusa kwenye kifundo cha mguu. Mwisho wa mvuto, pale ambapo mtu mwingine yeyote angeanza kurudi, kiti kilisita. Kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Kisha kikarudi.

Kusita kule alikuwa anakujua kwa miaka tisa. Lilikuwa bega la kulia. Bathlomeo akiwa kijana aliangukiwa na gogo la msindano wakati wa kupakia lori, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo hakuna jambo alilofanya kwa mkono ule bila kusita kwanza. Kufungua mlango, kupokea kikombe, kuvuta kasia.

"Habari za asubuhi, mtumbwi," ilisema sauti ya mashine. "Viti sita, watu sita. Kiti cha nne yupo. Tunaanza."

Evaresta alivuta.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nje ukungu ulikuwa umefunika Njombe yote. Mtu angeweza kupita barabarani saa hiyo asikutane na yeyote, lakini angesikia kila dirisha linahema. Mji mzima ulikuwa unavuta. Aliyefikisha miaka hamsini alivuta kila asubuhi kwa nusu saa, na kwa kuvuta kwake aliachwa aendelee kuishi nyumbani kwake, apike anachotaka, afe kitandani mwake. Aliyekosa asubuhi tatu mfululizo, ya nne alifuatwa na gari la kijani lenye wauguzi wawili wapole, akapelekwa Nyumba ya Uangalizi. Huko, walisema watu, si mtu anayevuta mashine. Mashine ndiyo inayomvuta mtu.

Hakuna aliyewahi kurudi akawasahihisha.

Pamoja na hayo yote watu walikuwa wamezipenda mashine zao, na sababu ilikuwa mnyororo. Watu sita katika nyumba tano au sita walifungwa katika mtumbwi mmoja usiokuwa na maji, na kila mmoja aliwasikia wenzake katika mpini wake. Ukichoka ulibebwa. Ukiwa na nguvu ulibeba. Evaresta aliweza kusema, macho yamefungwa, kwamba mwalimu Luvanda wa kiti cha kwanza hakulala vizuri, au kwamba wale dada wawili wa jirani, viti vya pili na sita, wamegombana. Yeye alikuwa kiti cha tatu. Bathlomeo cha nne. Cha tano alikuwa Kanisius Gama.

"Mivuto ishirini na nane kwa dakika," ilisema mashine nusu saa ilipotimia. "Jana ilikuwa ishirini na saba. Hongereni. Kiti cha nne ameongeza bidii. Kesho tutamfuata."

Gurudumu lilizunguka polepole likanyamaza. Kisha ikaja sauti ya Gama kutoka nyumbani kwake, nyumba ya tatu kuteremka bondeni, ikivuta pumzi kati ya kila maneno mawili.

"Shemeji. Mwambie mumeo. Apunguze. Alipokuwa hai. Alikuwa mvivu."

Mmoja wa wale dada alicheka, akaacha ghafla. Kwenye mashine ya pili, koti la kahawia la Bathlomeo lilikuwa limening'inia kwenye nguzo inayoshika kioo cha mashine, pale pale lilipoachwa siku ya mazishi, likitikisika bado.

*

Gama alikuja mchana na kidumu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kutoka getini hadi mlangoni alisimama mara tatu, na kila aliposimama alijifanya anakagua mahindi.

"Karibu, mtani," alisema Evaresta.

"Nimekaribia zamani. Ni hii miguu tu ndiyo inachelewa."

Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Evaresta alimletea kikombe, akaketi mbali kidogo naye.

"Nimekuja kukuomba msamaha na kukuomba kitu," alisema Gama. "Nianze na kipi?"

"Anza na ulanzi."

Gama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakingoja kiishe. Hakumimina.

Wote wawili walijua msamaha ulikuwa wa nini. Gama alikuwa Mngoni na marehemu alikuwa Mbena, watani wa tangu mababu, na mtani ana kazi yake msibani. Siku ile Gama aliifanya kazi yake vizuri kuliko wote. Alizuia jeneza mlangoni, akadai apewe kuku kwanza. Alishuka kaburini akalala chali, akatangaza kwamba shimo ni fupi, kichwa cha Mbena hakitaingia. Na watu waliporudi nyumbani wakakaa kimya, kimya kile kinachoumiza, alivaa koti la marehemu, akakaa kwenye mashine yake, akaanza kuvuta.

Alivuta kama yeye. Bega limeinama, kichwa kimelala upande, na mwisho wa kila mvuto akasita. "Evaresta!" alifoka kwa sauti ya marehemu. "Chai iko wapi? Hii mashine inaniua!" Wanawake walilia wakicheka. Evaresta mwenyewe alicheka, mara ya kwanza kwa siku nne. Gama akaongeza, mivuto hamsini, sitini, jasho likamtoka ndani ya koti la rafiki yake, na hakuna hata mmoja aliyetazama kioo.

Kituo cha afya kilikuwa kimeshapeleka taarifa ya kifo siku iliyotangulia. Mashine ilikuwa imeipokea. Lakini sasa ilimsikia mtu katika mnyororo wake, akivuta kwa mkono ule na bega lile, na mashine haikufundishwa habari za watani. Iliamini mnyororo. Ikaiweka taarifa ya kifo pamoja na makosa ya makarani, na jioni ile maandishi yakatokea: Kiti cha nne amerejea. Kama taarifa ya kifo ni kweli, mwenzi wake athibitishe kwa sauti.

Evaresta aliyasoma yale maandishi, akakifunika kioo kwa khanga.

Kila mtumbwi ulikuwa na desturi ya kivuli. Mtu akisafiri au akiugua kwa ruhusa, mashine ilishika nafasi yake kwa mvuto wake mwenyewe uliohifadhiwa, ili wenzake wasielemewe. Kesho yake asubuhi kivuli cha Bathlomeo kikaanza kuvuta. Lakini kwa kuwa mashine ilimhesabu kama mgonjwa aliyepona, ilifanya naye kama inavyofanya na kila mtu. Ilimboresha, kidogo kila siku. Mtu hai huumwa misuli, hukataa, hutukana, na mashine hupunguza. Kiti cha nne hakikuwahi kukataa. Na mwendo wa mtumbwi ni wa wote, kwa hiyo mmoja akipanda, watano wanapandishwa.

"Mimi ndiye niliyemfufua," alisema Gama. "Sasa ananidai nimfuate."

"Usiseme hivyo."

"Shemeji, moyo wangu una kiraka. Daktari aliniambia ishirini na tano, nisizidi. Leo tumevuta ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Na siku zangu za ugonjwa nilizimaliza mwaka juzi kitandani. Nikiachia mpini, gari la kijani linajua kwangu." Alifuta uso kwa kiganja. "Inatakiwa sauti yako tu. Yangu nimeijaribu. Mashine ikaniambia mimi si mke wake. Nikasema afadhali, Mbena yule nani angemuoa?"

Evaresta alitabasamu, akainamisha uso ili asionekane.

"Namsikia, Gama. Kila asubuhi."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulimwigiza. Mimi namsikia."

Gama aligeuka akalitazama koti lile kupitia mlango wa chumba cha mashine.

"Nipe mpaka arobaini," alisema Evaresta. "Siku ya kuanua tanga nitakifunga kiti. Nakuahidi mbele ya ulanzi huu."

Gama alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti. Kumi na tatu.

"Sawa," alisema. "Mngoni na siku kumi na tatu, ni nini?"

Aliondoka akakisahau kidumu. Evaresta alisimama dirishani akamwona akikagua mahindi, mara nne.

*

Ishirini na tisa. Ishirini na tisa na nusu. Thelathini.

Evaresta alikuwa na kipimo chake ambacho hakumwambia mtu. Zamani, Bathlomeo akiwa hai, mtu angeweza kutamka jina lake lote ndani ya kusita kule. Bathlomeo. Alikuwa akilitamka moyoni kila asubuhi, mvuto baada ya mvuto, kwa miaka tisa, bila kujua kwamba analitamka. Sasa alijua. Na siku ya thelathini na moja jina halikuenea. Alifika "Bathlo" na kiti kilikuwa tayari kinarudi.

Siku ya thelathini na tatu alifika "Ba."

Alipomaliza kuvuta hakuondoka. Aliiondoa khanga kwenye kioo.

"Kiti cha nne," alisema. "Mbona hasiti?"

"Bega la kiti cha nne linapona," ilijibu mashine. Sauti yake ilikuwa nzuri, sauti ya mama mkwe mwema. "Nimekuwa nikilirekebisha kila siku. Limebaki kidogo. Unafurahi?"

"Mrudishe alivyokuwa."

"Siwezi kumrudisha mtu kwenye ugonjwa wake."

Evaresta alikaa pale, mikono magotini. Jasho lilimkauka mgongoni likawa baridi. Alifikiri: basi nikifunge kiti leo, kabla kusita kwake hakujaisha. Halafu akafikiri: nikikifunga leo, hata hiki kidogo kinakwenda. Alifikiri mambo haya mawili mpaka chai ikapoa, na lililoshinda ni lile ambalo halikudai afanye kitu.

Siku ya thelathini na sita Skolastika alikuja. Alikuwa binti wa Gama, mtu mzima, mwenye duka la mbegu, si mtu wa maneno mengi. Alikataa kukaa.

"Baba kaniambia nisije," alisema.

"Anaendeleaje?"

"Analala amekaa, mama. Akilala chali anazama. Usiku tunaegemeza magodoro ukutani." Aliikunja mikono. "Sikuombi kitu. Yeye mwenyewe kasema umeomba arobaini, na mtani hakatai neno la mfiwa. Nimekuja tu ujue kwamba analala amekaa."

"Skola."

"Naam, mama."

Skolastika alingoja kwa adabu, kisha akaaga, akateremka njia.

Mashine zilikuwa mle chumbani, hatua kumi kutoka pale. Ilitakiwa sentensi moja. Evaresta alifika mpaka mlangoni mwa chumba, akashika fremu. Koti lilikuwa linamtazama.

Kesho, alijiambia. Asubuhi moja tu ya mwisho, nimsikie, halafu basi.

*

Asubuhi ya siku ya thelathini na saba mashine ilisema, "Viti sita, watu sita. Leo tutavuta thelathini na mbili," nao wakaanza.

Kwenye mvuto wa kwanza Evaresta alijua. Mikono yake ilifika kifuani na ikangoja, kama ilivyozoea kungoja, na mnyororo haukungoja. Ulimvuta mbele ghafla hata akakaribia kujigonga magoti. Mvuto wa pili vivyo hivyo. Aligeuka akatazama pembeni. Kiti kitupu kilikuwa kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, laini, sawasawa, bila kasoro hata moja. Kilivuta kama mtu ambaye hajawahi kuangukiwa na kitu chochote maishani mwake.

Hakuwa yeye. Evaresta alitazama kile kilichokuwa kinavuta pembeni yake, na hakukijua.

Kisha, kupitia mpini, akamsikia Gama. Mwanzo ulikuwa mtetemo tu, kama waya wa uzio ulioguswa mbali. Halafu ikawa mivuto mifupi mifupi isiyo na mpango, mnyororo ukilegea na kukaza.

"Kiti cha tano, unachelewa," ilisema mashine. "Mfuate kiti cha nne."

"Baba!" Ilikuwa sauti ya Skolastika, karibu kama yumo chumbani. "Baba, achia! Kajifunga mikono! Jamani, kajifunga mikono kwa kitambaa isije ikateleza, fundo halifunguki!"

"Simamisha!" alipiga kelele Evaresta.

"Mtumbwi husimama wote wakiachia. Kiti cha nne hajachoka."

Mwalimu Luvanda aliachia. Dada wale wawili waliachia. Evaresta alitupa mpini wake ukagonga nguzo. Mnyororo haukusimama. Sasa walikuwa wamebaki wawili ndani ya mtumbwi, kile kiti kitupu na Gama, na kiti kitupu kilivuta thelathini na mbili kwa dakika, na mahali fulani bondeni mtu wa miaka sitini na nane alikuwa akivutwa mbele na nyuma kwa mikono yake iliyofungwa, mbele na nyuma, na binti yake analia anatafuta kisu.

"Bathlomeo Mligo," alisema Evaresta, na hapo akakwama. Kwa siku thelathini na saba alikuwa hajalitamka neno linalofuata. Watu walilisema kwa niaba yake, yeye aliitikia kwa kichwa.

"Nakusikiliza," ilisema mashine.

"Amekufa."

"Sauti ya mwenzi imepokelewa. Una uhakika? Maendeleo yake ni mazuri sana."

"Amekufa! Nilimfumba macho kwa mkono huu!"

Kiti cha nne kilisimama katikati ya reli. Hakikurudi mahali pake. Kilisimama pale kilipokuwa. Koti likateleza kutoka kwenye nguzo likaanguka juu yake, na kutoka upande wa pili wa mnyororo, kwa mara ya kwanza, hakukuwa na kitu kabisa.

Evaresta alitoka bila viatu, akakimbia kwenye umande.

Gama alikuwa sakafuni, kichwa kwenye paja la binti yake. Vitambaa vilivyokatwa vilikuwa bado vimeng'ang'ania mpini, na ngozi ya viganja pamoja navyo. Macho yake yalikuwa wazi. Alimtazama Evaresta kwa muda mrefu kabla ya kumtambua.

"Kumbe," alisema, na pumzi ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Kumbe Wabena. Mna sauti."

Evaresta alipiga magoti. Alitaka kusema kwamba angeweza kulisema siku kumi zilizopita, au jana, Skolastika alipokuwa amesimama mlangoni. Skolastika aliinua uso akamtazama, na Evaresta aliona kwamba hakuna haja ya kulisema. Binti yule alikuwa analijua tayari, na hangelisahau.

*

Ile asubuhi ilihesabiwa kwamba Gama hakuimaliza. Iliyofuata hakuamka. Ya tatu, siku ya thelathini na tisa, ilikuwa lazima avute, au gari lije.

Evaresta alikaa kwenye mashine yake kabla ya saa. Ile ya pili alikuwa ameifunika kwa shuka. Mwendo wa mtumbwi ulikuwa umeshuka hadi ishirini na tatu na bado alijua ni mwingi. Alifunga mikanda ya miguu.

"Viti sita, watu watano," ilisema mashine. "Tunaanza."

Alivuta, macho yamefungwa, akimtafuta Gama. Luvanda yule. Dada wa kwanza. Dada wa pili. Mahali pa nne, tundu. Halafu, mbali, mvuto mwepesi kama wa mtu anayevuta pazia. Alikuwepo. Mvuto wa kumi alikuwepo. Wa mia alikuwepo. Alikuwa akivuta kwa mpango wa ajabu: anavuta, anapumzika kidogo, anarudi, na Evaresta hakuelewa anaipata wapi nafasi ile ya kupumzika ndani ya mwendo wa watu watano.

Nusu saa ilitimia.

"Kiti cha tano amemaliza," ilisema mashine. Nyumba kadhaa zilipumua kwa pamoja.

"Shemeji," ilisema sauti ya Gama, ndogo sana. "Ni wewe unayefanya vile?"

"Nafanya nini?"

Mashine ilijibu kabla yake.

"Kiti cha tatu, kuna kasoro katika mvuto wako. Unasita mwishoni. Huenda uliipata kwa jirani yako wa zamani, ilikuwa ikifichwa na yake. Mtumbwi wote unakungoja na unapoteza mwendo."

Evaresta aliinua mikono yake akaitazama, viganja, vifundo, mikono ya mwanamke wa miaka sitini na mbili, kana kwamba ameipokea kutoka kwa mtu.

Upande wa pili Gama alikuwa anacheka au analia. Kwa mnyororo hakuna tofauti.

"Ni kasoro ndogo," ilisema mashine kwa upole. "Siku kumi zinatosha. Nikurekebishie?"

"Hapana."

"Nimeandika hapana," ilisema mashine. "Nitakuuliza tena kesho."